Kuku ndani ya ngoma: sinema ya Waingereza ya wakati wa vita niliyoikuta chini ya kuku anayeatamia huku Likuyani

Wakuu, salamu kutoka Kakamega. Mvua imenyesha tangu saa nane, wateja hakuna, nikaona leo niandike.

Humu mimi ni msomaji tu. Naingia, nasoma, nacheka, natoka. Lakini kuna jambo lilinipata mwaka huu na kila ninayemsimulia ananiambia niliweke mahali watu wengi walione.

Ninayoandika niliyaona mwenyewe. Kuna sehemu mbili tu nilisimuliwa, na nikifika hapo nitawaambia.

Nianze na kazi yangu, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa.

Nina duka dogo la picha na video mjini. Zamani nilikuwa nauza sinema za CD, hasa zile zilizotafsiriwa na DJ. Kwa vijana ambao hawakuzikuta: unachukua filamu ya Kichina au ya Kihindi, unapunguza sauti ya waigizaji, halafu juu yake kuna jamaa anakusimulia kwa Kiswahili kinachoendelea, na utani wake humo humo. Mchina anafungua mdomo kutukana, DJ anakuambia anaulizia bei ya ng'ombe. Watu wanaanguka kwa kicheko.

Nilikuwa na wateja ambao hawakuuliza jina la filamu. Waliuliza DJ ni nani.

Siku hizi watu wanatazama kwa simu, kwa hiyo kazi imegeuka. Sasa nahamisha kanda za VHS za harusi na mazishi kwenda kwa flash. Ni kazi ya polepole, lakini mimi napenda kazi za polepole.

Basi.

Siku moja akaja bwana mmoja na mfuko wa kanda. Nitamwita Bramwel. Ni mtu wa Likuyani, anafanya kazi Nairobi, mpole, anaongea kama mtu ambaye hajalala vizuri.

"Fundi, nataka hizi zote kwa flash moja," akasema. "Ni za Mama. Nataka akifika kwangu awe na kitu cha kuona."

Nikamwambia ni wazo zuri. Nikamuuliza kama Mama anahamia Nairobi.

"Amekataa. Lakini hana namna. Shule zikifunga nakuja kumchukua." Akasukuma mfuko wa kanda mbele yangu. "Kichwa kimeanza kumpotea."

Sikumuuliza zaidi, ila alitaka kusema. Akaniambia mama yake ameweka sukari kwa maharagwe mara mbili. Amemwita yeye kwa jina la kaka yake aliyefariki. Na sasa ana hadithi moja anairudia kila akipigiwa simu.

"Hadithi gani?"

"Ati aliona sinema ya wazungu wakimficha kuku ndani ya ngoma, ndio mkwe asile imondo." Akanitazama nione uzito wake. "Wazungu, fundi! Imondo!"

Nilicheka, halafu nikaona yeye hacheki.

Wakuu wa pande nyingine, nieleze hapa. Imondo ni firigisi ya kuku. Kwetu ndiyo nyama ya heshima. Anapewa mwenye nyumba, au mgeni mkubwa. Mkwe akichinjiwa kuku halafu asione imondo kwa sahani, hiyo ni kesi. Sasa mzungu na kesi ya imondo ni wapi na wapi? Nilimwelewa Bramwel.

Lakini nikamuuliza aliiona wapi hiyo sinema.

"Anasema kwa gari ya sinema, akiwa msichana. Babake alikuwanga dereva wa hiyo gari."

Hii ndiyo sehemu ya kwanza niliyosimuliwa. Kabla ya uhuru, serikali ilikuwa na magari yanayozunguka mashambani na mashine ya sinema na jenereta. Wanafunga shuka jeupe uwanjani, watu wanakuja. Zinaonyeshwa filamu za kunawa mikono, za kuchimba mitaro ya kuzuia udongo. Na ili watu wasiende nyumbani mapema, mwisho kabisa wanawekewa ya kuchekesha. Hizo za kuchekesha zilitoka Uingereza, nyingine zilitengenezwa wakati wa vita kuu ya pili, zikaletwa huku zikiwa zimeshachoka.

Kwa hiyo nikamwambia Bramwel, kwa upole, kwamba sinema yenyewe huenda ilikuwepo.

"Hata kama," akasema. "Ya mkwe na imondo?"

Nikaanza kuandika kanda zake kwenye daftari.

Kanda zilipokuwa tayari, aliniomba nizipeleke mwenyewe Likuyani, nimfundishe Mama kutumia flash kwa TV. Yeye alikuwa amesharudi Nairobi. Nikaenda.

Nilimkuta mama mwenyewe anapepeta mahindi. Kila mtu pale anamwita Kukhu Rispa, na Kukhu ni nyanya, yaani bibi. Ni mwembamba, mrefu, ana sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe kutoka mbali. Anaishi peke yake, lakini mjukuu wake Nekesa, ambaye ni fundi wa nguo pale sokoni, hupita kila jioni.

Nikasalimia, nikajitambulisha.

"Ahaa," akasema. "Wewe ndiye unakuja kunipakia kwa flash nipelekwe Nairobi?"

Nekesa alikuwa hapo. Akasema, "Kukhu, muache fundi apumzike kwanza."

"Apumzike. Lakini mwambie mimi sitoshi kwa flash. Niko na ng'ombe."

Niliweka flash, nikamwonyesha rimoti. Alielewa haraka kuliko wateja wangu wengi wa mjini. Alitazama harusi ya Bramwel kidogo, akasema Bramwel alikuwa amekonda, akazima.

Wakati natoka ndipo nilipoona ghala.

Ninyi wa mashambani mnajua ghala la mahindi husimama juu ya nguzo, na kwa kila nguzo watu huweka kipande cha bati kilichozunguka, panya akipanda anagonga kichwa hapo anarudi. Wengine hutumia karai kuukuu. Ghala la Kukhu Rispa lilikuwa na vifuniko vinne vya duara, vyote saizi moja, vimetobolewa katikati. Chini ya kutu nikaona mistari ya duara iliyopigwa kwa mashine.

Mimi nimeviona vifuniko hivyo kwa picha. Ni vya makopo ya filamu.

"Kukhu, hizi zilitoka wapi?"

"Za baba. Gari ilipoharibika kabisa, waliitupa na kila kitu chake. Baba akasema panya hawajui sinema, akaleta nyumbani."

"Na mikanda yenyewe?"

"Tulifungia miche ya nyanya. Inashika vizuri, haiozi." Alisema hivyo bila wasiwasi wowote.

Nikamuuliza kama kuna kopo lililobaki zima.

Akafikiri. Kisha akaelekea jikoni, ile jiko ya nje ya kuni, nami nyuma yake. Kwenye kona, juu ya kitu cha duara kilichofunikwa nyasi, alikuwa amekaa kuku mwekundu. Akatutazama kama watu waliokosea nyumba.

"Hiyo," akasema Kukhu. "Baba aliifunga na plasta. Sijawahi kufungua. Labda ni ile ya mitaro."

Nikainama. Kuku akapandisha manyoya.

"Usithubutu," akasema Kukhu Rispa. "Anaatamia."

Nikamweleza kwa unyenyekevu kwamba kopo lile huenda lina thamani, kwamba tunaweza kumhamisha kuku polepole na mayai yake.

"Fundi. Wewe umesoma?"

"Kidogo, Kukhu."

"Basi umesoma ya stima, ya mashine za umeme. Kuku akiatamia hahamishwi. Ukimhamisha anasusa, na mayai yanaharibika. Utangoja."

Ilikuwa wazi kwangu kwamba hatukuwa tunaongea juu ya kuku peke yake.

Nilimpigia Bramwel, nikamwambia nimepata kopo. Akauliza kama ndani kuna kuku na ngoma. Nikamwambia sijui, kuna kuku juu yake. Alicheka kidogo kwa mara ya kwanza, halafu akarudi kwa yake.

"Sawa. Lakini, fundi, hata ikiwa ni hiyo, kama haina mkwe na imondo, nitajua nilikuwa na haki ya kuogopa. Na tutahama."

Nekesa alinisimulia baadaye kwamba jioni hiyo Bramwel alimpigia mama yake wakabishana.

"Siwezi kuhama na kuku anaatamia," mama akasema.

"Mama, Nairobi nitakununulia kuku mwingine."

"Hao kuku wenu hawana mama. Wametotolewa na stima."

Nikangoja, wakuu. Duka likaendelea, harusi za watu zikaingia kwa flash. Halafu asubuhi moja Nekesa akanipigia.

"Fundi, vifaranga vimetoka. Kukhu anasema uje uchukue kiti chao."

Sasa niseme kidogo kuhusu kufungua kopo la zamani, kwa sababu najua humu kuna watu wana vitu kama hivi kwa dari na hawajui.

Usifungue juani. Usivute mkanda uone ni mrefu kiasi gani. Usioshe kwa sabuni. Nusa kwanza. Ukisikia harufu kali ya siki, filamu imeanza kuoza, na hapo una haraka. Ukikuta imegandana kitu kimoja kama sukari nguru ya Kabras, ile ya vipande vigumu, pole, funga tu. Yetu ilikuwa na harufu ya siki, lakini kidogo. Baba yake Kukhu aliifunga vizuri, na nadhani kukaa jikoni penye ukavu kuliisaidia kuliko kabati la mtu yeyote hapa mjini. Unyevu wa Kakamega unakula kila kitu.

Mwanzo wa mkanda ulikuwa umekatika, kwa hiyo jina la filamu halipo, wala majina ya waigizaji. Mwisho pia haupo. Tuna kipande cha katikati, kama nusu saa.

Niliusafisha taratibu kwa kitambaa laini, nikaunganisha palipokatika. Mimi sina mashine ya kuionyesha. Rafiki yangu wa Kisumu anayo moja ya zamani, anaipenda kama gari. Tukaupitisha mkanda mara moja tu, yeye ameshika swichi kama mtu anayeshika mbwa mkali, mimi narekodi ukutani kwa kamera, sauti na picha.

Ilianza na mistari na vumbi. Halafu kijiji cha Uingereza, nyumba za mawe, watu wa bendi wanajipanga barabarani.

Halafu mama mmoja mnene, amevaa aproni, anatoka mbio na kuku kwapani. Anamzunguka mtu wa ngoma kubwa. Anafungua ngozi ya upande mmoja. Anamtia kuku ndani.

Rafiki yangu akaniuliza mbona natokwa na machozi. Nikamwambia ni ile siki.

Lakini furaha yangu ilikuwa nusu. Kwa sababu tulikuwa na sauti, na Kiingereza chao, hata kikikwaruza, kilisikika. Mwanamume mwenye kofia ya duara na mkoba anayefika kijijini si mkwe wa mtu. Ni afisa wa chakula. Wakati wa vita mayai kwao yalikuwa ya mgao, na huyu anazunguka kuhesabu kuku. Yule mama hakuandikisha huyu mmoja, anataka mayai ya keki ya harusi ya binti yake. Ndiyo maana anamficha.

Mkwe hakuna. Imondo hakuna.

Nilirudi Kakamega nikiwa najiuliza kama nimemsaidia Kukhu Rispa au nimemchimbia shimo.

Nikafikiria hata kusema mkanda umeharibika. Lakini Bramwel alikuwa ameuliza swali la kweli, na huyo ni mama yake. Nikamwambia aje.

Tulikutana kwa Kukhu Jumapili mchana, baada ya kanisa. Kukhu alikuwa bado na kitambaa chake cha kanisani. Bramwel alikuwa amefika jana yake na gari, na pale kwa veranda niliona masanduku mawili yamesimama tayari. Nekesa akaleta chai na ndizi. Nikaweka flash.

Bendi ikatokea, na Kukhu akapiga paja. "Ndio hao!"

Mama mnene akatoka na kuku. "Ndiye huyo! Sikuwaambia? Bramwel, sikuwaambia?"

Bramwel alikuwa amesogea mbele kwa kiti. Kuku aliingia ndani ya ngoma. Uso wa Bramwel ulikuwa wa mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.

Halafu afisa akaja, na wote wakaanza kuongea Kiingereza chao.

Kukhu akainamisha kichwa. Akasikiliza. Kidogo kidogo akaacha kutabasamu.

"Huyu anasema nini?"

Bramwel akamtafsiria kwa sauti ya chini. Afisa. Mgao. Kuku wa kuandikishwa.

"Hapana. Huyo ni mkwe."

"Mama, ni mtu wa serikali. Ako na mkoba."

"Na imondo?"

"Hakuna imondo, Mama."

Filamu ikaendelea kuongea yenyewe. Kukhu Rispa alikuwa anatazama mikono yake. Kisha akasema kitu ambacho sikutaka kukisikia.

"Basi labda ni ukweli. Labda hiki kichwa kimeharibika."

Nekesa akaweka kikombe chini. Bramwel akamshika mama yake bega, na wala hakuonekana kama mtu aliyeshinda. Alionekana kama mtu aliyepokea majibu ya hospitali.

Mimi ndiye niliyeleta kile kitu. Nikatafuta la kusema, na lililotoka ni swali la mtu wa duka.

"Kukhu, siku ile mliiona, mlielewa Kiingereza?"

Akaniangalia kama mimi ndiye niliyepotewa na kichwa. "Kiingereza tungetoa wapi?"

"Sasa nani alikuwa anawaambia wanasema nini?"

"Baba. Na maiki. Si alikuwa anasimama kando ya gari?"

Bramwel akageuka. "Si guka alikuwa dereva?" Guka kwetu ni babu.

"Alikuwa anaendesha. Wakifika anaweka breki, anachukua maiki. Ulidhani gari ilikuwa inajiongelea?"

Wakuu, mimi niliuza sinema za DJ kwa miaka na miaka. Ningepaswa kujua hilo tangu siku ya kwanza Bramwel alipoingia dukani.

Nikachukua rimoti. Nikarudisha mwanzo. Nikazima sauti.

"Kukhu," nikasema, "tuambie alichosema baba yako."

Mwanzo alisita. Bendi ikajipanga kimya. Mama mnene akatoka mbio.

"Huyo ni mama mkwe," akasema Kukhu polepole. "Ameambiwa mkwe anakuja. Na mkwe hajaleta ng'ombe hata mmoja. Lakini tumbo ameleta."

Nekesa akacheka.

Mtu wa kofia akatokea mwisho wa barabara, na sauti ya Kukhu ikabadilika. Sijui niieleze vipi. Ikawa nzito, ya mtu wa maiki, ya mtu anayeongea na uwanja mzima.

"Huyoo anakuja! Tazameni kofia! Amefunika kichwa ndio wasione hana haya!"

Na hapa ndipo nilipoanza kuona nilichokuwa sijaona Kisumu. Katika ile filamu, kila yule afisa akimgeukia mama mnene, mama anaficha uso kwa aproni. Ana hatia, amemficha kuku. Lakini ninyi wa huku mnajua: kwetu mama mkwe na mkwe hawaangaliani usoni. Wakikutana njiani mmoja anaweza kuingia kichakani. Sasa mtazameni mama huyo kwa macho ya watu wa Likuyani wa wakati huo. Anamwona mwanamume, anafunika uso. Anageuka upande. Anamkimbia. Nani angehitaji kuambiwa huyo mwanamume ni nani?

Baba yake Kukhu hakubuni hovyo. Alisoma picha alizoziona, na uwanja mzima ulikubaliana naye.

Afisa akafungua mkoba. "Anatoa sahani yake! Amekuja nayo!"

Afisa akaelekeza kidole kwa bendi. "Anasema, nipigieni ngoma ya mkwe!"

Mtu wa ngoma, mwembamba mwenye masharubu, akainua fimbo, akaishusha, akagonga ukingo peke yake. "Mpigaji anasema, bwana mkwe, ngoma yetu ina mimba, haipigwi!"

Bramwel alikuwa ameweka mkono mdomoni. Mdomo wa afisa ulikuwa unafunguka pale pale Kukhu alipomsemesha, na kufunga alipomaliza. Hakukosea zamu. Mara moja tu alitangulia, akasema "subiri, bado," akangoja picha imfikie.

Kisha mtu wa ngoma akatingisha ngoma yake, na kutoka chini yai likabingirika hadi kwa viatu vya afisa. Kimya kabisa, kila mtu wa kijiji amesimama. Mama mnene, uso bado nyuma ya aproni, anainama, anaokota yai, anamnyooshea bila kumwangalia.

Kukhu Rispa naye alinyoosha mkono, uso ameugeuza ukutani.

"Mkwe, imondo yako iko humu ndani. Nenda ukaatamie."

Bramwel alilipuka. Hicho si kicheko, wakuu, ni kitu kilikuwa kimefungiwa. Alipopata pumzi akamwambia Nekesa, "Mimi hiyo nimeambiwa maisha yangu yote! Nikiomba baiskeli, nenda ukaatamie. Nikitaka kuoa mapema, nenda ukaatamie. Hata mimi nawaambianga watoto wangu. Nilidhani ni methali!"

"Ni ya babu yako," akasema Kukhu. "Nyamaza, haijaisha."

Lakini ilikuwa imeisha. Afisa alikuwa ameweka yai ndani ya kofia, akavaa kofia, na hapo ndipo mkanda wetu ulipokatika. TV ikabaki na rangi ya bluu.

Kukhu hakujali. Aliendelea kutazama ile bluu na kusimulia.

"Sasa anaondoka. Anatembea pole, yai liko kwa kichwa. Anapita mbele ya askari. Askari anampigia saluti. Na mtu wa heshima akipigiwa saluti anafanya nini? Anarudisha." Akagonga utosi wake kwa kiganja. "Paa! Linashuka, linashuka mpaka masharubuni. Na kuku ndani ya ngoma anacheka. Mwisho. Nendeni nyumbani, mnawe mikono."

Fikirieni hilo, wakuu. Mwisho wa filamu hiyo haupo kwa mkanda. Mimi niliutafuta kila mahali ninapojua kutafuta, sijaupata. Uko katika kichwa kile kile tulichokuwa tunasema kimepotea.

Sitaki kuwadanganya kwamba hapo mambo yote yakawa sawa. Nusu saa baadaye Kukhu alimuuliza Nekesa mara mbili kama ndama amefungwa. Bramwel alisikia, na mimi nilimwona akisikia. Kusahau kupo. Sukari iliingia kwa maharagwe kweli.

Lakini Bramwel alikuwa anaogopa kitu kimoja, kwamba mama yake anaona vitu ambavyo havikuwepo. Hicho kiliondoka.

Alimalizia chai yake iliyopoa. Nekesa akasema yeye anaweza kuhamia pale, cherehani ni ya kubeba tu, na nguo za wateja atashonea kwa veranda. Bramwel akasema atakuwa anakuja kila mwisho wa mwezi. Halafu, kama mtu anayejaribu mlango mara ya mwisho, akasema:

"Lakini Mama, Nairobi bado iko. Si ungekuja hata kidogo uone?"

Kukhu Rispa alikuwa anatazama vifaranga nje.

"Bramwel," akasema, "nenda ukaatamie."

Masanduku yakarudishwa ndani.

Nilichojifunza si kikubwa, na pengine wengi wenu mnakijua. Mzee akikusimulia kitu ambacho hakiingii akilini, usikimbilie kupima kichwa chake. Muulize kwanza alikuwa amesimama wapi, na nani alikuwa ameshika maiki. Kumbukumbu inaweza kuwa nzima kabisa, ni sisi tuliowekewa sauti nyingine.

Na kama una kopo, kanda, au hata picha zilizoshikana, usitupe na usiogope. Uliza. Niandikie hapa hapa, nitakueleza hatua kwa hatua, hata kama ni swali unaloona ni dogo. Hakuna swali dogo katika kazi hii.

Sasa nataka msaada wenu. Kuna mtu humu anajua jina la sinema hiyo? Ya Waingereza, ya wakati wa vita, mama mwenye aproni, afisa wa kofia, kuku ndani ya ngoma ya bendi. Kuna aliyesikia ikisimuliwa kwao, Matungu, Malava, hata ng'ambo ya mpaka? Ningependa sana kujua kule kwenu yule wa kofia alikuwa nani, kwa sababu naanza kuamini kila uwanja ulikuwa na filamu yake.

Tumerekodi sauti ya Kukhu juu ya picha, mwanzo mpaka ile sehemu ya bluu. Imetoka vizuri.

Najua mtaniomba link. Nilimuuliza mwenyewe kama naweza kuwawekea humu.

Jibu lake mnalijua.